Fundi Osundwa na Ngoma Inayochelewa

Ukienda kupunguza suruali ya shule pale kwenye varanda ya duka la mbegu, karibu na soko la Kakamega, utamsikia Osundwa kabla hujamwona. Mguu wake unakanyaga cherehani sawasawa, moja mbili tatu nne, bila haraka na bila kuchoka. Mkono wa kushoto unaongoza kitambaa. Mkono wa kulia, ambao kwa mafundi wengine husaidia, kwake hushika mkasi na kugonga meza ya mashine, na haugongi pale mguu unapokanyaga. Unagonga kabla kidogo, au baada kidogo, halafu unanyamaza mpaka msikilizaji aingiwe na wasiwasi, halafu unarudi. Wateja wapya hudhani mashine imeharibika. Mashine ni nzima, na mishono yake imenyooka kuliko ya fundi yeyote wa mjini. Ni Osundwa tu ndiye yuko hivyo, na sasa ana miaka sitini na mmoja, kwa hiyo usitegemee atabadilika.

Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mpigaji wa ngoma kubwa katika bendi ya kanisa lao kule Shirere. Hiyo ngoma huvaliwa kifuani kwa mikanda, na mvaaji haoni miguu yake wala mashimo ya barabara. Osundwa aliivaa mvua na jua, harusi na mazishi, na kando yake alitembea rafiki yake Willis, mfanyakazi wa reli aliyestaafu, akiongoza nyimbo kwa koneti, ile tarumbeta fupi. Walijuana tangu ujana, walipokuwa wakipiga ngoma za isukuti kwenye sherehe za vijijini, na tabia ya kugonga pasipotarajiwa waliitoa huko. Walipookoka waliacha pombe. Tabia hiyo hawakuiacha.

Shida ilianza alipokuja Mwalimu Protus. Huyu alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, akastaafu, akapewa uongozi wa bendi, akaja na kisanduku cha mbao chenye mshale unaoyumba huku na huku ukilia tik, tak. Kila aliyepiga nje ya tik alisimamishwa.

"Wewe fundi unachelewanga," Protus alimwambia mbele ya bendi nzima.

"Sichelewi, mwalimu. Nafikanga. Nakaa tu mlangoni kidogo kabla ya kuingia."

"Ngoma haina mlango!"

Jumapili iliyofuata ngoma ilipewa Elvis, kijana anayetengeneza simu, mwenye mabega mapana na mkono ulionyooka kama rula, ambaye hajawahi kukaa mlangoni hata siku moja. Osundwa akapewa bendera. Bendera ya bendi hiyo ina sheria zake, ambazo Protus mwenyewe aliziandika na kuzibandika ukutani: ikitoka kanisani haiegemezwi, hailazwi, haigusi ardhi, inakaa mikononi mwa mtu mpaka irudi, na inarudi kwa muziki. Osundwa aliibeba kwa adabu. Lakini nyumbani mkewe Teresa alimwona akipiga kinu kwa mwiko, akamnyang'anya mwiko bila kumgombeza, kwa sababu alimhurumia.

Sasa, Willis alikuwa na mjukuu aitwaye Shantel, mwanafunzi wa muziki wa chuo kikuu, aliyepanga chumba hapohapo Shirere. Siku moja alileta sketi ya kubadilishwa zipu, akasimama pale varandani, akasahau sketi.

"Kuka," alisema, maana kwake Osundwa ni sawa na babu, "hiyo biti umetoa wapi?"

"Kwa mguu. Kwani wewe unatoanga wapi?"

"Nauliza kwa sababu naandika kuhusu mwanzo wa jazi, na hiyo ndiyo kitu natafuta!"

"Jazi naijua. Kule Butere kulikuwa na bendi ya gita, imeandikwa Jazi kwa spika. Mpiga gita alivaa suruali nilishona mimi."

"Hiyo ilikuja nyuma sana. Sikiza hii."

Akaweka simu juu ya meza ya cherehani. Rekodi ilikuwa kuukuu, ikichacharika kana kwamba mtu alikuwa akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya wanamuziki. Nyuma ya omena kulikuwa na bendi, na Osundwa akainua mguu kutoka kwenye mashine ili asikie vizuri.

Kwa yale aliyoyaelewa, na aliyaelewa yote isipokuwa majina ya watu, mambo yalikuwa hivi. Katika mji wa bandari uitwao New Orleans, kusini mwa Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, watu weusi, watoto na wajukuu wa watumwa, walichukua tarumbeta za gwaride na nyimbo za gwaride, lakini hawakuzipiga zilivyoandikwa. Gwaride linakanyaga kwa nguvu kwenye moja na tatu. Wao makofi yao wakayapeleka kwenye mbili na nne. Sauti iliyopaswa kuangukia pamoja na mguu waliiangusha mbele kidogo au nyuma kidogo, sikio likajikwaa na kufurahi kujikwaa. Sauti mbili za urefu sawa hawakuzigawa sawa: ya kwanza ilichukua fungu kubwa na ya pili ikapewa kilichobaki, mfano wa ndugu wawili na sahani moja. Na kabla ya hapo kulikuwa na watu wa piano, mtindo wao ukiitwa ragtaimu, ambao mkono wao wa kushoto ulipiga gwaride na wa kulia ukacheza kuuzunguka.

"Huo ni mguu na mkasi," Osundwa alisema.

"Ndio nakwambia!"

Kulikuwa pia na bluzi. Mwimbaji alisema huzuni yake, akairudia vilevile, kisha mstari wa tatu ukaijibu. Hilo halikuhitaji maelezo. Mama yake Osundwa alilia hivyohivyo kwenye matanga. Bendi ikipiga, koneti ilishika wimbo, klarineti ikapanda juu yake kama mmea wa maharagwe, tromboni ikateleza chini, wote wakiongea kwa pamoja bila mtu kukemewa. Mara wote walinyamaza ghafla, akabaki mmoja kujaza pengo, halafu wakarudi kwa pamoja.

"Na wakirudi hawagongani?"

"Hawagongani, kuka. Kila mtu anajua moja iko wapi, hata kama hakuna mwenye ameigonga."

Osundwa akavua miwani, akaipangusa kwa kipande cha kitambaa. Alisikia furaha, na alisikia hasira pia. Furaha kwamba hakuwa na ugonjwa. Hasira kwamba kulikuwa na mji mzima wa watu wanaokaa mlangoni, na hakuna aliyemwambia mpaka amenyang'anywa ngoma.

"Mazishi yao sasa," Shantel aliendelea. "Wakienda kaburini wanapiga polepole, wimbo wa kanisa, huzuni kabisa. Wakishazika, ngoma inageuka. Wanarudi wakicheza, na majirani wanajipanga nyuma na miavuli."

"Miavuli ya nini? Kulikuwa na mvua?"

"Hapana. Ya madaha tu."

Hilo Osundwa alilikataa. Kufungua mwavuli bila mvua aliona ni upuuzi, na alimwambia hivyo.

Mwezi uleule Protus aliamua bendi ipate jaketi mpya, za rangi ya damu ya mzee, zenye vifungo vya shaba. Kazi akapewa Osundwa, na siku ya vipimo bendi nzima ikapangwa ndani ya kanisa kama askari.

"Kifua ndani! Tumbo ndani! Askari hapimwi akiwa amelegea!" Protus aliamrisha.

Osundwa kwa miaka arobaini amepima watu akiwa ameweka vidole viwili ndani ya tepu, ili nguo ipate hewa. Protus alimnyang'anya tepu, akavitoa vidole, akasoma mwenyewe.

"Mwalimu," Osundwa alisema, "mtu wa tarumbeta akipuliza anaongezeka."

"Anaongezeka nini?"

"Anaongezeka yeye."

"Andika ninavyosoma, fundi."

Akaandika. Na mimi sitamtetea hapa. Fundi mwenye akili angeachia inchi mbili kimyakimya, na mwalimu asingejua mpaka kufa. Osundwa alikuwa amenuna. Alishona kila jaketi kama ilivyosomwa, akaficha kitambaa cha ziada ndani ya mishono na kukiacha kikae hukohuko. Yake mwenyewe alijipimia nyumbani, na kwa mazoea, bila kufikiri, akaacha nafasi kwapani ya mtu anayepiga ngoma. Kwa mbeba bendera, hiyo nafasi haikuwa na kazi.

Willis hakupimwa kanisani. Alikuwa mgonjwa, na Osundwa alimfuata nyumbani na tepu shingoni. Willis alijiinua kitandani, akasema, "Ngoja kwanza." Akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa na mashavu yakavimba, akaonyesha kwa kidole: sasa.

"Mwalimu amesema kifua ndani," Osundwa alisema.

Willis akaitoa ile pumzi yote kwa kicheko na kikohozi. "Mwalimu hapulizangi. Mimi napulizanga. Rudia, na uandike hivyo." Baada ya kupimwa alimshika mkono. "Shantel ameniambia ya wale watu wa Amerika. Osundwa, kwenda mnipeleke na tik tak ya Protus, sina shida, mimi sitakuwa na haraka. Lakini kurudi, usikubali watu warudi wamenuna. Rudisha watu na ngoma yetu."

"Ngoma iko na Elvis."

"Mimi nimekuomba wewe. Sijamuomba Elvis."

Osundwa akaahidi. Kisha alitoka nje akajiuliza ameahidi nini, mtu asiye na ngoma.

Willis alikufa baada ya wiki tatu. Jaketi zilikuwa tayari, na kwa kuwa Protus alikataza zivaliwe kabla ya kuombewa, zilivaliwa mara ya kwanza asubuhi ya mazishi. Watu walijiingiza ndani yake kwa kusaidiana. Jairus, mpuliza tuba, lile tarumbeta linalozunguka mwili mzima, alifungwa vifungo na wanaume wawili. Marehemu naye alivalishwa yake, na Teresa alipompita kwenye jeneza alimnong'oneza mumewe, "Baba Gentrix, mbona umemshonea Willis gunia?"

"Ni vipimo vyake," Osundwa alijibu.

Kutoka kanisani hadi kwa Willis ni mwendo wa dakika kumi na tano. Walipiga wimbo wa polepole. Noti ndefu zilikatika katikati kwa kukosa pumzi, na baina ya mistari ulisikia watu wakihema na kupiga kite. Waombolezaji walidhani bendi imezidiwa na uchungu, wakazidi kulia. Osundwa peke yake, mbele na bendera, alijua ni jaketi.

Willis akazikwa pembeni ya nyumba yake. Baadaye watu wakalishwa, na wenyewe mnajua bendi hulishwaje kwenye mazishi huku kwetu: obusuma, ndio ugali, sahani imejaa, ingokho, kuku wa kienyeji, na mchuzi wake, na firigisi akapewa Protus kwa heshima. Osundwa alikula kwa mkono mmoja, bendera mkononi, na alimwona Jairus akiongezewa mara ya pili. Alitaka kumwonya. Akaona amechelewa.

Kwenye saa tisa mawingu yalikuwa yameshuka, kama kila siku. Bendi ilipaswa kurudisha bendera kanisani. Osundwa alimwendea Protus.

"Mwalimu, Willis aliniomba nipige hii ya kurudi. Moja tu."

"Willis ametoka kwenye bendi, fundi," Protus alisema. "Mimi bado niko. Shika bendera."

Wakajipanga uani. Rachael, mjane wa Willis, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa chini. Protus akainua kijiti. "Moja, mbili!" Elvis akainua mkono wa kulia juu kabisa, kwa ule mtindo wake wa gwaride, na kwapa likaachia. Mkono wa jaketi ukateleza ukafunika kijiti cha ngoma. Akainua wa kushoto, nao ukaja. Jairus akavuta pumzi; vifungo vitatu vikaruka, kimoja kikalia kwenye sufuria ya mchuzi. Tarumbeta zilitoa mlio mmoja wa mbuzi, kisha kimya.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Watu walitazama chini, Rachael hakuinua kichwa, na Osundwa akaona wazi kwamba hivi ndivyo watu watakavyomkumbuka Willis: mlio wa mbuzi na kimya. Moyo ulimuuma kweli. Akapiga hatua tatu mpaka mbele ya kiongozi wake.

"Mwalimu, shika hapa."

Protus, mtu wa utaratibu, alipoona bendera inakuja mikononi mwake aliipokea. Akisha kuipokea akagundua alichofanya. Haiegemezwi, hailazwi, haigusi ardhi. Upepo wa mvua uliivuta, akalazimika kuishika kwa mikono miwili, na kijiti chake cha kuongozea kikabaki kimebanwa kwapani. Alifungua mdomo. Lakini Osundwa alikuwa tayari amemvua Elvis ngoma na kujifunga mikanda, na jaketi yake, peke yake katika bendi nzima ya walio hai, ilikuwa na nafasi pale ilipohitajika.

Akapiga moja. Akangoja. Akagonga ukingo wa ngoma kwenye mbili, akaikaribia tatu akaipita, akaidondosha nne mlangoni na kuiacha ikae hapo. Jairus, jaketi wazi na shati nje, alimsikia, akaweka sauti mbili nzito chini, kwa sababu mbili tu ndizo alizoweza. Nanjala, mama wa koneti ya pili, akaanza wimbo uleule wa asubuhi, sasa ukitembea. Pumzi ikamwishia nusu ya mstari. Tromboni ikamalizia. Nanjala akapata pumzi nyingine, akasema jambo lake tena, tromboni ikajibu, na klarineti, ambayo haihitaji kifua kikubwa, ikapanda juu yao na kwenda inakotaka. Hakuna aliyekuwa akijaribu kuwa hodari. Kila mtu alipiga alichoweza kabla ya vifungo kumkaba, na alipoacha, mwenzake aliokota.

Kuna mahali walipofika wote wakaishiwa kwa pamoja. Kimya kikatokea katikati ya wimbo. Osundwa akakijaza peke yake, mkono wa mkasi ukifanya kile ulichofanya miaka yote, na wote wakarudi. Hawakugongana.

"Kuka, ndiyo hiyo!" Shantel alipiga kelele kutoka kwa kina mama. "Ndiyo hiyo!"

Hapo mvua ikaanza, ya Kakamega, isiyopiga hodi. Miavuli ikafunguka uani kote. Shantel alitazama nyuma ya bendi, akaona mstari mrefu wa miavuli ikipanda na kushuka, akaanza kulia na kucheka. Na Rachael akainuka kwenye kiti. Akafungua mwavuli wake mweusi, akaja akasimama nyuma kabisa ya ngoma, akaanza kutikisa mabega kama zamani, kama msichana wa isukuti aliyemvutia Willis, na watu wakamfuata hadi barabarani.

Mbele kabisa alikwenda Protus na bendera, mgongo umenyooka, akiudhika. Walipofika kwenye kona ya kinu cha posho, Osundwa aliona bendera inainama kidogo kwenye mbili, inainama kidogo kwenye nne. Hakumwambia mtu. Yaani hakumwambia mtu mpaka Jumapili, alipomwambia kila mtu.

Kanisani Protus alirudisha bendera mahali pake, akajifuta mvua, akanyoosha mkono. "Lete daftari ya vipimo. Ulifanya makusudi wewe."

Osundwa akalitoa mfukoni. Protus akasoma mstari kwa mstari, na kila namba ilikuwa ileile aliyoisoma yeye. Akafika mwisho. "Willis. Kifua arobaini na nne, akipuliza." Akainua macho. "Hii 'akipuliza' ni nini?"

"Alivuta pumzi, mwalimu. Alisema nimpime hivyo."

Hapo ndipo Osundwa alipolisikia alilokuwa akilisema. Katika bendi yote ni mtu mmoja aliyekuwa na nafasi ya kutosha ya kuvuta pumzi ndani ya jaketi yake, na huyo walikuwa wamemwacha ardhini, upande ule. Hakuwa amelia siku nzima. Sasa alilia, amesimama na ngoma kifuani, na kwa sababu ya ngoma mikono haikuweza kufika usoni. Machozi yakashuka yakadondokea ngozi ya ngoma.

Protus alimtazama. Kisha akatoa leso, akamfuta uso kwa mikupuo mitatu mipana, kulia kushoto kulia, jinsi alivyofuta ubao kwa miaka thelathini.

"Jumatatu utapima watu upya," alisema. "Wote. Kama Willis."

"Na Elvis?"

"Elvis umrudishie mikono. Atabebanga bendera."

"Na wewe, mwalimu?"

Protus alitazama huku na huku, akahakikisha kisanduku chake kiko mbali. Akavuta pumzi mpaka kifungo chake cha mwisho kikalia, akainua mikono. "Mimi nipime sasa hivi," alisema kwa sauti ya mtu anayejizuia kutoa hewa. "Vua hiyo ngoma, uje na tepu."

"Utangoja, mwalimu," Osundwa alimjibu. "Leo sivui."